NDOA INAPOUGUA ITIBIWE MAPEMA
Usuluhishi ni tiba, si kibali cha talaka



Ndugu msomaji, katika kurasa za afya tumezoea kusoma habari za malaria, kipindupindu, maji ya kuchemsha na choo safi. Leo tuzungumzie ugonjwa usioonekana kwa darubini, lakini unaowaleta watu zahanati kila wiki hapa Mpanda: ugomvi wa mume na mke.

Mgonjwa analalamika kichwa, kukosa usingizi, moyo kwenda mbio, presha isiyotulia hata akimeza dawa. Anapimwa malaria, hana. Anapewa dawa ya maumivu, baada ya wiki anarudi. Ukimuuliza kwa upole hali ya nyumbani, ndipo unapoujua ugonjwa wenyewe. Wapo wanaume pia, tena hao huficha zaidi.

Maoni yangu ni kwamba sisi Waislamu tunao utaratibu mzuri wa kuitibu ndoa, tuliopewa na Mola wetu, na sheria ya nchi imeuwekea mlango. Lakini tunautumia vibaya. Tunaupeleka ugonjwa kwa msuluhishi ukiwa umekwisha kuwa maiti, na tunachokitaka kwake ni karatasi ya kwenda nayo mahakamani.

Ugomvi na mwili

Asidhani mtu kwamba haya ni maneno ya mawaidha tu. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walichapisha utafiti juu ya wanandoa 42. Kila mmoja aliwekewa vidonda vidogo mkononi, kisha mume na mke wakaongea. Mara moja waliongea kwa kusaidiana, mara nyingine wakaongelea jambo wanalogombania. Vidonda vilichelewa kupona baada ya mazungumzo ya ugomvi. Kwa wale wenye uhasama mkubwa, vidonda vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao wasio na uhasama. Yaani maneno makali ya nusu saa yanafika mpaka kwenye ngozi.

Na upo upande wa pili. Ugomvi mwingine mzizi wake ni maradhi. Mume anapungukiwa nguvu, mke anadhani ana mwanamke mwingine, kumbe ni kisukari au presha ambayo hajapimwa. Mke aliyejifungua karibuni analia na hataki kuguswa, mume anasema ana kiburi, kumbe ni sonona baada ya uzazi. Miaka inapita bila mtoto, lawama zote anabebeshwa mke, wakati mara nyingi tatizo huwa kwa mume au kwa wote wawili. Mume anatibiwa kisonono kwa siri, mke hatibiwi, anamwambukiza tena, na kila mmoja anamshuku mwenzake. Hawa wangeingia pamoja kwa tabibu siku ya kwanza, nusu ya ugomvi ingekwisha hapo hapo.

Qur'an imetangulia

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 35, Allah (s.w.) ametuelekeza kwamba tukihofia mfarakano baina ya mume na mke, apelekwe msuluhishi mmoja kutoka watu wa mume na mmoja kutoka watu wa mke, na kwamba wakitaka suluhu, Allah atawapatanisha. Zingatia neno kuhofia. Hofu hutangulia jambo lenyewe. Aya haikungoja mke afungashe vyombo wala mume atamke talaka tatu. Imetutaka tuchukue hatua dalili zinapoanza, kama tunavyotakiwa kumpeleka mtoto zahanati homa inapoanza, kabla hajapata degedege.

Na tazama namna Mtume (s.a.w.) alivyosuluhisha. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa alifika nyumbani kwa binti yake Fatma (r.a.) akakuta Ali (r.a.) ametoka baada ya kukosana na mkewe. Hakumhoji binti yake nani mwenye kosa. Alimfuata mkwewe msikitini, akamkuta amelala mavumbini, akampangusa vumbi na kumwita kwa utani Abu Turab, baba wa udongo. Wakwe wangapi leo wangefanya hivyo? Wengi wetu tungechukua simu na kumwambia binti arudi nyumbani.

Tena msuluhishi halazimishi. Barira (r.a.) alipoachwa huru alichagua kutengana na mumewe Mughith, naye akawa anamfuata njiani akilia. Mtume (s.a.w.) alimwombea kwa Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kuwa ni maombezi tu, akakataa, na hakulaumiwa.

Sheria ya nchi

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa katika mazingira maalumu, shauri la talaka lisifunguliwe mahakamani kabla halijapitia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na Baraza lithibitishe kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano, na linatakiwa kuwasikiliza wote wawili. Sheria inaruhusu jumuiya, ikiwemo ya dini, kuwa na Baraza lake likiidhinishwa.

Huu ni mlango mzuri. Lakini wengi wanauona kama dirisha la stakabadhi. Mtu anafika akiwa ameshaamua, anauliza hati itatoka lini. Na baraza likichoka, linaitoa kwa kikao kimoja. Huko si kusuluhisha. Ni sawa na tabibu kuandika cheti cha kifo bila kumpima mgonjwa.

Kikao kinavyotibu

Kwanza, kila mmoja asikilizwe mpaka amalize, bila kukatizwa, kisha mwenzake aeleze alichosikia kabla ya kujibu. Utashangaa ni mara ngapi alichosikia sicho kilichosemwa.

Pili, mtu aseme linalomuumiza yeye, asitaje kasoro za mwenzake. Kusema "naogopa ukichelewa bila kupiga simu" kunafungua mazungumzo. Kusema "wewe siku zote ni mhuni" kunayafunga. Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miongo kadhaa, ametaja mambo manne yanayobomoa ndoa: kushutumu tabia ya mtu, dharau, kujitetea kwa kila neno na kununa bila kujibu. Baya kuliko yote ni dharau. Nasi tulishakatazwa dharau na majina mabaya katika Suratul-Hujuraat.

Tatu, hasira ikipanda, kikao kisimame. Mapigo ya moyo yakizidi 100 kwa dakika, mtu husikia kidogo na hufikiri kidogo. Apewe dakika 20 au zaidi atulie. Mtume (s.a.w.) alishatuelekeza kwamba aliyekasirika akiwa amesimama aketi, na isipomtoka alale.

Nne, jambo liwekwe wazi kwa hesabu. Hapa kwetu Katavi msimu wa ugomvi unajulikana: tumbaku ikishauzwa na malipo yakitoka, au mpunga ukishavunwa. Mke amelima, amechuma na amefunga majani miezi yote, kisha mume anakwenda mjini na fedha, anarudi mifuko mitupu au na habari ya mke mwingine. Ndoa ya wake wengi ina masharti ya uadilifu, na nafaka ya mke na watoto ni wajibu, si hisani. Msuluhishi mzuri anawaketisha kabla fedha haijatoka, wanaandika: deni la pembejeo, chakula cha mwaka, ada na sare za shule, matibabu, akiba. Kwa wanaokwenda machimboni au kuvua Karema na Ikola, waandike pia mume atatuma kiasi gani na atapiga simu lini.

Tano, kikao kimoja hakitoshi. Dozi ya malaria yenyewe ni siku tatu. Ndoa iliyougua miaka mitano haiponi kwa Alasiri moja.

Kikao cha pamoja kisipofaa

Hapa naomba masheikh na wazee wanisikilize vizuri. Palipo na kipigo, vitisho au panga, msianze kwa kuwaketisha pamoja. Mke atanyamaza kwa hofu, au atasema kweli kisha alipie usiku. Kwanza awe salama. Aliyejeruhiwa apelekwe kituo cha afya, fomu ya polisi namba 3 ishughulikiwe, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lijulishwe. Sheria hiyo hiyo ya 1971 inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Na Mtume wetu (s.a.w.) hakuwahi kumpiga mwanamke.

Vilevile tukumbuke mabinti wadogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa mkoa wetu uliongoza nchini kwa mimba za umri mdogo: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Binti wa namna hiyo akiketishwa mbele ya wazee watano wa kiume hatafungua mdomo. Lazima awepo mwanamke mwenye hekima wa kumsikiliza peke yake.

"Siri za ndani hazitoki nje"

Wapo watakaosema kwenda kwa mshauri ni kuvua nguo hadharani. Ni kweli kutangaza siri za unyumba ni haramu. Lakini kumwonyesha tabibu jipu si kutembea uchi. Mshauri anabeba amana, na akiivunja, afukuzwe kazi hiyo. Anayetangaza siri ni yule anayesimulia kijiweni au kisimani.

Wengine husema, mimi ni kichwa cha nyumba, nani anishauri? Siku ya Hudaybiyya, mwaka wa 6 Hijria, Mtume (s.a.w.) alifuata ushauri wa mkewe Ummu Salama (r.a.), na jambo la umma mzima likatengemaa. Kichwa kisicho na masikio ni cha namna gani?

Tufanye nini

Napendekeza kila msikiti, kuanzia hapa mjini mpaka Inyonga, Usevya na Mishamo, uteue watu wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, waadilifu, wenye kutunza siri. Wapewe mafunzo na masheikh, matabibu na maafisa ustawi wa jamii. Wawe na siku moja kwa wiki ya kuwasikiliza wanandoa, hata wasiogombana. Wachumba nao wapitie hapo kabla ya akdi, na wapime afya pamoja, ikiwemo VVU. Mmoja akikutwa navyo, si mwisho wa ndoa: anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Na Baraza lisitoe hati kwa kikao cha kwanza, isipokuwa pana hatari ya maisha.

Nawe ndugu msomaji, usingoje msikiti. Kama wiki hii mmelala mkipeana migongo, mtafuteni mtu mmoja wa upande wako na mmoja wa upande wake, mnaowaamini nyote wawili. Asiwe anayeshabikia talaka, hata akiwa mama mzazi. Mwende mkiwa bado mnasalimiana, kwani hapo ndipo tiba inashika.

Tumuombe Allah (s.w.) atie mapenzi na huruma katika nyumba zetu, na awape subira walio katika mitihani. Amin.

Wabillahi tawfiq.