Santuri ya dingi: iuzwe au ibaki?

Leo tuko Kilosa, kwenye ugomvi wa ndugu wawili, na chanzo siyo shamba wala mwanamke. Ni santuri.

Marehemu baba yao alikuwa mtu wa reli. Aliacha nyumba, baiskeli, na mashine ya Garrard iliyotengenezwa Swindon, Uingereza. Hiyo ni Ulaya ya kweli, siyo kile kijiji cha Ulaya unachokipita ukitoka Kilosa kwenda Mikumi. Inakwenda na amplifaya, spika mbili za mbao na kreti mbili za sahani. Kaka mtu anaishi humo ndani. Mdogo mtu ana baa Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, na ndiye aliyeanzisha zogo.

"Kaka, hilo dude linanguruma kama mashine ya kusaga. Tuliuze, ninunue ile mpya ya sanduku, ina bluetooth, wateja wangu wachangamke."

Kaka akanuna wiki nzima. Mama yao akachoka, akasema muulizeni huyo mtu wa gazeti. Ndivyo kesi ilivyoniangukia.

Mimi nilianzia kwenye kreti. Ukitaka kujua kama santuri inafaa kubaki, angalia kwanza itapiga nini. Kama una sahani tatu za kizungu zilizokwaruzika, uza, usijipe presha. Lakini kreti hizi, asikwambie mtu! Mna Cuban Marimba ya Salum Abdallah, mna Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, vijana wa Moro hawa hawa. Salum alifariki 1965, Mbaraka Januari 1979, wote kwa ajali ya gari. Mbaraka na wenzake walifika mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya 1970. Nyimbo zao kadhaa utazipata kwenye simu. Nyingine zimebaki kwenye sahani kama hizi tu, na sahani hizi zilipandishwa darini mafuriko ya Mkondoa yalipoivamia Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yale yaliyong'oa hadi reli.

Sasa hapo ndipo sanduku la bluetooth linapoanza kunitia wasiwasi. Kwenye kreti mna sahani za 78, za miaka ya 1950. Mfereji wa 78 ni mpana zaidi ya mara mbili ya ule wa LP, kwa hiyo unataka sindano yake nene. Mashine nyingi mpya hazina kabisa spidi ya 78. Zile za sanduku zenye spidi hiyo, nyingi zinakuja na sindano ya LP, inayozama chini kwenye mfereji na kukwangua vumbi la miaka sitini. Halafu uzito. Nyingi za bei poa hukandamiza sahani kwa gramu 5 hivi, na huna pa kupunguza. Kichwa kizuri cha sindano kinaridhika na gramu 2 hivi. Garrard yao ina kizibo cha uzito nyuma ya mkono, unazungusha mwenyewe, na kichwa kinachomolewa ukafunga kingine.

Na ule mngurumo? Wala siyo uzee wa mashine nzima. Garrard hii inazungushwa na kigurudumu cha mpira kinachosugua ukingo wa sahani ya chuma kwa ndani. Ikikaa miaka bila kupigwa, mpira unakuwa mgumu, unabonyea upande mmoja, na grisi inaganda. Fundi anasafisha, anaweka mpira mwingine, anadondoshea oili ya cherehani, biashara imekwisha. Kama mota ingekuwa imeungua, hapo ningemwunga mkono mdogo mtu bila aibu. Haijaungua.

Kuna shemeji pia, yuko Marekani, alijitolea kuleta yake ya zamani. Asanteni, hapana. Kule umeme ni voti 120 na mizunguko 60, kwetu ni 230 na 50. Hata ukiweka transfoma ya kushusha voti, mota nyingi za zamani hufuata mizunguko, kwa hiyo 33 inageuka kama 28. Mbaraka ataimba kama katoka usingizini.

Jambo la baa nalo halikuhitaji elimu kubwa. Malori ya Zambia yakipita pale Mikumi, glasi zinacheza mezani. Sindano itakaa wapi? Iwe Garrard, iwe sanduku, itaruka tu. Kwa hiyo nimewaambia hivi: mashine ibaki Kilosa, sahani zipigwe mara moja moja, zirekodiwe kupitia kompyuta, mdogo mtu apeleke flashi baani kwake. Wateja watacheza, sahani haitaguswa na mtu mwenye bia mkononi. Tena mzioshe kwanza, ila zile za 78 msiziguse na spiriti, inayeyusha. Maji kidogo na kitambaa laini, mkilinda karatasi ya katikati.

Fundi yupo Dar. Treni ya SGR inasimama Kilosa tangu 2024, kaka ataibeba mwenyewe. Aitoe ile sahani ya chuma, aufunge mkono kwa uzi, asiwaachie wapagazi.

Mdogo mtu amekubali, kiaina. Mama amecheka. Sindano ya 78 imeshaagizwa. Kilichobaki ni nani anailipia, mwenye nyumba au mwenye baa, na hapo jamani mimi simo.