Motomoto: itambue nyasi inayomchoma mwanao mguuni

Mzazi, watoto wengi wa Ujiji, Mwandiga na vijiji vya jirani hukatiza mashamba ya michikichi wakiwa peku. Mtoto akirudi anachechemea, tunasingizia msumari. Wakati mwingine aliyemchoma ni chipukizi la motomoto.

Kitaalamu nyasi hii huitwa Imperata cylindrica, na imo kwenye orodha ya IUCN ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Marekani iliingia mwaka 1912 kupitia Alabama, ikiwa imefungia mizigo kutoka Japani.

Utaitambuaje?

- Majani husimama wima yakitokea chini kabisa, kama hayana shina.
- Mshipa mweupe wa jani haupiti katikati, umesogea upande mmoja. Kingo hukwaruza.
- Ua ni kishada cheupe, laini kama pamba. Mbegu zake hupeperushwa na upepo.
- Ukichimba utakuta mizizi myeupe yenye pingili na ncha kali kama sindano. Hiyo ndiyo inayochoma.

Usiichanganye na mabingobingo, ambayo mashina yake ni manene kama miwa.

Mtoto akichomwa

Osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Usipake majivu, udongo wala mawese. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo, na kidonda chembamba kilichozama ndani ndicho wanachokipenda. Kama ncha imebaki ndani au kidonda ni kirefu, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, ukiwa na kadi yake ya kliniki.

Chanjo ya pentavalenti, inayotolewa akiwa na wiki 6, 10 na 14, ina kinga ya pepopunda. Kinga hupungua kadiri anavyokua, hivyo mhudumu ataangalia kama anahitaji kuongezewa. Taya zikikaza au akishindwa kumeza, hata siku kadhaa baadaye, hiyo ni dharura. Usisubiri kesho.

Kuiondoa

Usiichome moto. Majani yataungua, mizizi itabaki salama na kuchipua kabla ya mimea mingine. Kuikatakata kwa jembe na kuiacha shambani nako ni kuipanda upya, kwa kuwa kila kipande huota. Chimba mizizi yote, ianike juani hadi ikauke kabisa, kisha panda mazao yanayofunika ardhi. Motomoto haivumilii kivuli.

Wakati unaendelea kuiondoa, mvalishe mtoto viatu vyenye soli ngumu.