Mahali pa Kutua Mzigo: Barua ya Wazi kwa Meneja wa TANROADS, Mkoa wa Morogoro

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kuhusu barabara inayoanzia hapa Bigwa, ikapita Kiroka, Mkuyuni na Matombo hadi Mvuha na Kisaki. Lami tumeililia miaka mingi, na kila hatua yake naifurahia. Ombi langu ni la wanaoipita kwa miguu, hasa kina mama wa milimani wanaoshuka alfajiri na ndizi, mafenesi na mboga kichwani wakiwahi soko la mjini.

Mmoja wao alinitendea wema nikiwa mtoto, na jina lake sikulijua. Ilikuwa masika. Nilitoka mashineni kusaga, ndoo ya unga kichwani, mvua ikanikuta njiani. Nikakimbilia chini ya mwembe, nikamkuta mama wa makamo na tenga la ndizi mbivu alilolifunika nailoni. Unga ule ndio tulioutegemea nyumbani wiki nzima. Shikamoo yangu ilitoka na kilio. Akaitikia marahaba, akaifunua ile nailoni, akaifunga mdomoni mwa ndoo yangu na kuikaza kwa kamba ya mgomba.

"Ndizi zinaoshwa, mwanangu," akasema. "Unga hauoshwi."

Mvua ilipopungua akanikunjia ngata kwa kipande cha khanga yake, akanitwisha. Kisha yeye naye akahitaji wa kumtwisha. Nilijaribu kumwinulia tenga, lakini nilikuwa mfupi mno. Tukangoja mpaka akatokea mwanamume mwenye baiskeli.

Hapo ndipo ninapokuomba utazame kwa jicho la mhandisi. Mama aliyezoea anaweza kutembea na mzigo kilomita nyingi, lakini akishautua chini, kuuinua tena peke yake ni shida. Kwa hiyo wengi hawatui. Wanashuka moja kwa moja, shingo imekakamaa, wengine na mtoto mgongoni, kwa sababu hawana hakika kama huko mbele atapatikana mtu wa kuwatwisha.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mkoa hadi mita 60, yaani 30 kila upande. Naelewa sababu zake. Lakini katika mita hizo 30 ndimo ilimo miembe yenye kivuli cha wapita njia, na barabara ikipanuliwa mingi itaangushwa. Benchi la chuma kituoni haliwezi kuchukua nafasi yake.

Tunaomba vituo vyenye paa pana na, pembeni, kibaraza cha zege chenye kimo cha bega, ambapo mtu anausogeza mzigo kutoka kichwani, anapumzika, kisha anaurudisha bila kumngoja mwingine. Ni zege kidogo sana ukilinganisha na kalavati moja.

Kabla ya kumwaga zege hiyo, waite kina mama wa Kiroka wakipime hicho kimo na matenga yao yakiwa yamejaa. Waulize pia vibaraza vikae wapi. Najua vijia vya huko juu haviko chini ya ofisi yako, lakini vyote vinatokea kwenye barabara yako, na mara nyingi vinatokea mahali ambapo magari hayana kituo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Bigwa