Mtafiti Apewe Mtaji, Msimamizi Asipewe Hisa

Mwaka 1990 Wakenya waliambiwa mara mbili, katika kipindi cha miezi michache tu, kwamba wasomi wao wamefika. Februari, Rais Daniel arap Moi alizindua magari matano ya Nyayo Pioneer, yaliyoundwa na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kutokana na agizo alilolitoa mwaka 1986. Julai akazindua Kemron, iliyotangazwa kuwa tiba ya UKIMWI na watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Gari halikuwahi kutengenezwa kiwandani. Dawa haikutibu.

Visa hivi viwili husimuliwa kila kimoja peke yake, kimoja na watu wa viwanda, kingine na watu wa afya. Mimi naviweka pamoja kwa makusudi, kwa sababu kila kimoja kinaonyesha upungufu ambao kingine hakiuonyeshi. Gari lilikosa fedha za hatua za katikati. Dawa ilikosa mtu mwenye mamlaka ya kusema subirini. Mpaka leo, mjadala wa Afrika Mashariki kuhusu kuuza matokeo ya utafiti unahangaikia upungufu wa kwanza na kuusahau wa pili. Naamini serikali zetu zinapaswa kutoa ruzuku ndogo, kwa hatua, kwa kampuni ndogo zinazochukua ugunduzi kutoka vyuoni. Naamini pia, na kwa nguvu zaidi, kwamba chombo kinachotoa ruzuku hiyo kisiwe ndicho kinachoamua kama utafiti ni salama na wa haki kwa watu wanaofanyiwa.

Nyayo Pioneer wengi huikumbuka kama aibu ya taifa. Mimi sioni aibu pale. Watu waliopewa agizo bila kiwanda nyuma yao walitoa, ndani ya miaka minne, magari yanayotembea, yaliyofikia kasi ya kilomita 120 kwa saa. Tatizo lilianza baada ya sherehe. Iliundwa Nyayo Motor Corporation ili kuzalisha magari kwa wingi. Yaani ilitakiwa kutoka karakana ya chuo hadi kiwanda kizima cha magari kwa hatua moja, kwa fedha za Hazina, chini ya shirika moja la umma. Fedha hazikupatikana, na hapakuwa na ngazi ya chini ambayo mradi ungeweza kusimama na kupumua. Hapakuwa na kampuni ndogo iliyochukua ujuzi wa kusubu vyuma, nyingine breki, nyingine bodi, kila moja ikiuza sehemu yake kwa matatu na malori yaliyokuwa tayari barabarani. Kilichookolewa ni karakana na mashine, ambazo baadaye zilikuwa msingi wa Numerical Machining Complex. Ujuzi wa gari lenyewe ulitawanyika.

Marekani ilikuwa imeshakabiliana na pengo hilo. Kabla ya mwaka 1980, uvumbuzi uliogharimiwa na serikali kuu ulibaki mikononi mwa serikali hiyo: hataza zipatazo 28,000 zilikuwa kabatini, na chini ya asilimia 5 ndizo zilizokuwa zimepewa leseni za kutumiwa na viwanda. Sheria ya Bayh-Dole ya mwaka huo iliviruhusu vyuo vikuu kumiliki kile ambacho watafiti wao wamekigundua kwa fedha za umma. Lakini umiliki pekee haujengi bidhaa. Roland Tibbetts, ofisa wa taasisi ya taifa ya sayansi ya nchi hiyo, alikuwa ameanza mwishoni mwa miaka ya 1970 kujaribu njia nyingine, ya kutoa fedha kidogo kwa kampuni ndogo, kuzipima, kisha kuongeza. Mwaka 1982 njia hiyo ikawa sheria, inayofahamika kwa kifupi SBIR. Kila idara ya serikali kuu inayotoa zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwa utafiti unaofanywa nje ya kuta zake ililazimika kutenga sehemu, iliyofikia asilimia 3.2, kwa kampuni zenye wafanyakazi wasiozidi 500. Serikali haichukui hisa. Haidai kurudishiwa. Mwaka 1992 ukaongezwa mpango ndugu, STTR, unaoitaka kampuni ndogo ishirikiane rasmi na chuo au taasisi ya utafiti: kampuni ifanye si chini ya asilimia 40 ya kazi, chuo si chini ya asilimia 30, na makubaliano ya nani anamiliki nini yaandikwe mwanzoni.

Je, mpango huo umefanikiwa? Qualcomm na Symantec zilipata ruzuku hizo zilipokuwa changa, na watetezi wake hawachoki kuzitaja. Mimi naona ushahidi wa uzito zaidi katika utafiti wa mchumi Sabrina Howell, uliochapishwa mwaka 2017, kuhusu ruzuku za Wizara ya Nishati ya Marekani. Alilinganisha kampuni zilizopata kwa tofauti ndogo na zile zilizokosa kwa tofauti ndogo. Ruzuku ya hatua ya kwanza, dola 150,000, iliongeza karibu maradufu uwezekano wa kampuni kupata mtaji wa wawekezaji binafsi baadaye. Ruzuku ya hatua ya pili, iliyofikia dola milioni 1, haikuonyesha faida ya kiasi hicho. Maana yake ni kwamba fedha ndogo ya mwanzo, ile inayomwezesha mbunifu kutengeneza kitu cha kwanza na kukijaribu, ndiyo yenye nguvu. Kwa nchi zenye bajeti kama zetu hii ni habari njema kabisa. Matokeo ya Howell hayatudai mabilioni ya kiwanda. Yanadai uvumilivu wa kutoa kidogo kwa wengi, na ujasiri wa kukubali kwamba baadhi watashindwa.

Mpango wenyewe una dosari, na sitaki ziachwe. Zipo kampuni Marekani ambazo zimegeuza kuomba ruzuku kuwa kazi yao, zikishinda moja baada ya nyingine bila kufikisha bidhaa sokoni. Tena uhai wake unategemea Bunge: idhini ilifikia ukomo tarehe 30 Septemba 2025 kabla wabunge hawajaafikiana kuirefusha. Ruzuku ya hatua inahitaji ukaguzi wa hatua, na inahitaji kuwekwa mahali ambapo malumbano ya kisiasa hayawezi kuikata katikati ya kazi.

Kemron ndiyo inayonizuia kuishia hapo. Kilikuwa kidonge chenye kiasi kidogo sana cha interferoni, kikiyeyushwa mdomoni, na nyuma yake walikuwepo washirika wa nje: kampuni ndogo ya Texas na mtengenezaji wa interferoni wa Japani. Kwa hiyo sehemu ya biashara ilikuwepo tangu mwanzo. Matokeo ya awali hayakuwa na kundi la wagonjwa la kulinganisha, kipimo cha msingi kabisa katika kujua kama dawa inafanya kazi. Majaribio yaliyofuata, yakiwemo ya Uganda, hayakuonyesha faida yoyote kuliko kidonge kitupu. Lakini kabla majibu hayo hayajafika, wagonjwa waliokuwa wakifa, na ndugu waliokuwa wakiuza mali ili kuwaokoa, walikuwa wameshaamini. Jina la taifa lilikuwa limewekwa rehani hadharani na Rais mwenyewe. Katika hali hiyo ni kamati gani ya maadili ingethubutu? Taasisi iliyofanya utafiti ndiyo iliyokuwa mamlaka kuu ya utafiti wa tiba nchini.

Asidhani mtu kwamba hayo ni ya nchi changa tu. Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 kutoka Arizona, alijitolea kwa jaribio la tiba ya jeni katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Alidungwa Septemba 13, 1999, na siku nne baadaye akafariki. Hakuwa mahututi alipojiunga. Ugonjwa wake ulikuwa umedhibitiwa kwa chakula na dawa. Kiongozi wa utafiti, James Wilson, alikuwa mwanzilishi wa Genovo, kampuni yenye maslahi katika teknolojia hiyohiyo, na chuo nacho kilikuwa na hisa humo. Uchunguzi ulionyesha kwamba fomu ya ridhaa aliyosaini kijana huyo haikutaja kuwa nyani waliokuwa wamepewa tiba ya aina hiyo walikufa. Mwaka 2005 chuo kilikubali kuilipa serikali zaidi ya dola 500,000 kumaliza madai, na Wilson akawekewa mipaka ya kuongoza majaribio kwa binadamu. Chuo hicho kilikuwa na ofisi, kamati na wanasheria. Hivyo vyote havikutosha, kwa sababu mwenye kulinda alikuwa pia mwenye kutarajia faida.

Hapa ndipo inapoingia ofisi ambayo haiimbwi na yeyote: ofisi ya usimamizi wa utafiti chuoni, inayosoma mikataba, kuhesabu fedha za wafadhili, kuandikisha hataza, kuuliza nani ana hisa wapi. Afrika Mashariki ofisi hiyo mara nyingi ni watu wachache waliolemewa, na sababu moja inajulikana vizuri. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, mfadhili mkubwa wa utafiti wa tiba katika ukanda huu, huzilipa taasisi za nje asilimia 8 kwa gharama za uendeshaji. Vyuo vikubwa vya Marekani vimezoea kujadiliana viwango vinavyozidi asilimia 50. Februari 2025 serikali yao ilipotangaza kuwapunguzia hadi asilimia 15, vyuo vilikimbilia mahakamani vikisema haviwezi kuendesha utafiti kwa kiwango hicho. Nilipowasikia nilifikiria vyuo vyetu, vilivyotakiwa kuziendesha ofisi kama zile kwa karibu nusu ya kiwango hicho, na miaka yote hiyo hakuna aliyeiita dharura.

Matokeo yake yalionekana Majengo, Nairobi. Tangu miaka ya 1980, wanawake waliokuwa wakiuza miili yao mtaani humo walikubali kufuatiliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada. Baadhi yao, ingawa walikutana na virusi vya UKIMWI mara kwa mara, hawakuambukizwa, na siri ya miili yao ilisaidia kuzaa wazo la chanjo pamoja na watafiti wa Oxford. Mwaka 2000 iligundulika kwamba maombi ya hataza yaliyopelekwa Uingereza hayakuwa na majina ya watafiti wa Nairobi. Zogo lilikuwa kubwa, na ilibidi mazungumzo yafanywe upya ili Nairobi ipate sehemu yake. Chanjo hiyo haikufaulu, lakini somo la kiutawala linabaki: mkataba unaandikwa mwanzoni, na anayeuandika lazima awe amelipwa kuuandika. Wanawake wa Majengo, waliotoa damu yao, ndio waliokuwa mbali zaidi na meza ile.

Kisheria Kenya imekaribia kupata jibu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda vyombo vitatu: NACOSTI ya kusimamia na kutoa leseni za utafiti, KENIA ya kuendeleza ubunifu, na Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa kutoa fedha. Mgawanyo huo ni sahihi na unastahili sifa. Sheria hiyohiyo iliuahidi mfuko asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka, ahadi ambayo Hazina haijawahi kuikaribia. Ni afadhali sehemu ndogo inayotolewa kweli, iliyowekewa fungu la lazima kwa kampuni ndogo.

Tanzania ina tatizo la aina nyingine. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, hutoa vibali vya utafiti na pia husimamia mfuko wa kuendeleza sayansi, MTUSATE. NIMR, ya mwaka 1979, hufanya utafiti wa tiba na pia ndiyo yenye jukumu la kuusimamia nchini. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, NIMR yenyewe ilitengeneza dawa ya mitishamba ya NIMRCAF. Simtuhumu mtu yeyote. Nasema muundo huu unawaweka watu waadilifu mahali ambapo uadilifu unawagharimu. Kamati ya maadili ya utafiti wa tiba itolewe NIMR, iwe na bajeti yake bungeni, na wajumbe wake watangaze hisa na mikataba yao kama watumishi wa umma wanavyotangaza mali.

Hoja nzito dhidi yangu ni uchache wa wataalamu. Katika nchi yenye wanasayansi wachache wa fani moja, aliyeomba ruzuku amefundishwa na mjumbe wa kamati, au amemfundisha. Kutenganisha vyombo kwenye karatasi hakutenganishi marafiki. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu jibu halimo ndani ya mipaka ya nchi moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki inayo tume yake ya sayansi na teknolojia, EASTECO, yenye makao Kigali. Inaweza kupewa kazi mahsusi: kila jaribio kwa binadamu ambalo chuo au mtafiti ana hisa katika kampuni inayohusika, lipitiwe na kamati ya nchi nyingine mwanachama. Jaribio la Eldoret lisomwe Dar es Salaam, la Muhimbili lisomwe Kampala, na gharama zilipwe na kampuni kupitia tume, isijue ni akina nani wanaolisoma.