Kabla hujatuma hela ya kiwanja cha bondeni

Wengi wetu hapa Acocks Green tukitaka kununua nyumba, tunaandika postikodi kwenye ramani ya mafuriko ya serikali na jibu linakuja bure. Ukanda wa 3 maana yake mto una uwezekano wa asilimia 1 au zaidi kufurika mwaka wowote, na kupata kibali cha kujenga nyumba mpya humo ni shughuli. Ukishuka pembeni ya mto Cole, upande wa Sarehole Mill, unakuta majani na miti. Maji yakipanda yana pa kukaa.

Halafu mtu huyohuyo anapokea picha tatu za WhatsApp kutoka Dar. Shemeji anasema kiwanja kizuri, bei ya kutupwa, wahi kabla hakijachukuliwa. Ijumaa hiyohiyo hela ya ovataimu ya miezi sita imeshaondoka.

Tunasema wazi: kama kuna mto karibu, usitume hata senti kabla hujapima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufukwe wa bahari au ziwa. Haiulizi kama ulinunua kwa nia njema. Ile barua ya serikali ya mtaa yenye mhuri inathibitisha kwamba watu wameuziana; haithibitishi kwamba panajengeka.

"Mbona wenzako wamejenga?" Hili ndilo jibu la madalali, na ndilo linalotumaliza. Bonde la Msimbazi walijenga wengi. Desemba 2011 mafuriko ya Dar yaliua watu wapatao 40, na familia za mabondeni zikapewa viwanja Mabwepande. Baadhi ya watu walibaki, wengine wakaja. Desemba 2015 hadi Januari 2016 zikapigwa X nyekundu, tingatinga zikafuata. Na msidhani ni masikini tu wanaobomolewa. Nairobi mwaka 2018 yaliangushwa South End Mall na Ukay Centre kwa kukaa kwenye hifadhi ya mto. Hayo si mabanda ya mabati. Wenyewe walikuwa na uwezo wa kuweka mawakili.

Kuna wanaosema sheria hii ni ya kuonea watu, kwa sababu miaka yote maofisa waliona nyumba zinapanda wakanyamaza, na umeme ukavutwa. Hapo wana hoja, na tunawaunga mkono. Anayeachia msingi uchimbwe halafu anakuja na rangi nyekundu wakati wa kupaua amekutia hasara mara mbili. Lakini hoja hiyo haikurudishii hela uliyotuma.

Tena hata mita 60 zenyewe si za kuziamini sana. Mito mingi ya Dar inakula kingo zake, hasa panapochimbwa mchanga. Leo umepima 65, masika mbili zikipita zimebaki 50. Sisi tungetaka 100 ndipo tulale.

Kwa hiyo mwambie aliye nyumbani asimame katikati ya kiwanja akutumie lokesheni. Fungua picha ya setilaiti, pima mwenyewe hadi ukingo. Ni kazi ya dakika tano ukiwa kwenye basi la kwenda mjini. Kisha aende halmashauri kwa afisa mipango miji, aulize eneo hilo limepangiwa matumizi gani, na aombe jibu la maandishi. Picha za Januari na Februari usizikubali kabisa, kila bonde linapendeza kiangazi. Muulize jirani, siyo dalali, maji ya masika yalifika wapi ukutani kwake. Alama ya tope huwa haifutiki vizuri.

Muuzaji akisema hawezi kusubiri hadi Aprili, mwache auze kwa mwingine.