PIGA HESABU KWANZA, SAMAKI WAJE BAADAYE

Siku hizi habari za kufuga samaki na kupanda mboga kwa maji mamoja zimeenea sana. Watu huiita kazi hii akuaponiki. Jina ni geni, lakini jambo lenyewe si la ajabu. Samaki hukaa ndani ya tangi. Maji yenye uchafu wao husukumwa na pampu mpaka katika sanduku la kokoto lililopandwa mboga. Mboga hutwaa chakula chao katika maji hayo, na maji yaliyosafika huteremka tena kwa samaki. Hakuna jembe, hakuna mbolea ya gunia, na maji hayamwagwi ovyo.

Hayo yote ni kweli. Lakini, ndugu mkulima, jambo la kweli likielezwa nusu laweza kumtia mtu hasara. Maoni yangu ni haya: mtambo huu wafaa watu wengine, haufai watu wote, na hata yule ambaye wamfaa, asianze kwa kununua samaki wala tangi. Aanze kwa kalamu na karatasi.

Kwa nini nasema hivyo? Kwa sababu nchi yetu imekwisha kuona mambo ya namna hii mara mbili. Katika miaka ya 1960 serikali iliwahimiza watu wale samaki zaidi, na mabwawa madogo yakachimbwa kwa maelfu katika sehemu za Magharibi na Kati. Miaka ya 1970 ilipofika, mengi yalikuwa yamebaki makao ya vyura. Vifaranga vilikuwa hafifu, na wakulima hawakupata mafunzo ya kutosha. Tena mwaka 2009 ulianzishwa mpango mkubwa wa kuchimba mabwawa 200 katika kila moja ya sehemu za uchaguzi 140 zilizochaguliwa wakati huo, kila bwawa la mita 300 za mraba. Watu wengi walifaidika, na wako wanaofuga mpaka leo. Lakini msaada wa vifaranga na chakula ulipokwisha, wengine waliacha, kwa sababu hawakuwa wamepiga hesabu ya kununua chakula cha samaki kwa fedha zao wenyewe. Shimo kuchimbwa ni kazi ya siku chache. Kulisha ni kazi ya kila siku.

Sasa jiulize maswali matatu kabla ya kutoa shilingi moja.

Swali la kwanza ni la ardhi na maji. Ikiwa shamba lako liko karibu na kijito kisichokauka, na udongo wako ni wa mfinyanzi unaoshika maji, basi huhitaji mtambo huu. Chimba bwawa, na maji yake yenye rutuba uyaelekeze katika bustani iliyo upande wa chini. Utapata samaki na mboga bila kulipia pampu. Mtambo wa tangi na kokoto ni wa mtu mwenye kiwanja kidogo, au udongo mbaya, au anayenunua maji kwa mtungi, kama watu wengi wa Kitengela, Mlolongo na sehemu kavu za Ukambani. Mtu huyo atafurahi kuona ya kuwa maji yanayopotea ni yale tu yaliyonywewa na mimea, yaliyokaushwa na jua au yaliyovuja.

Swali la pili ni la stima. Je, kwako stima hukatika mara ngapi kwa mwezi, na kwa saa ngapi? Andika kwa muda wa mwezi mmoja. Usikisie.

Swali la tatu ni la mtu. Nani atawalisha samaki asubuhi na jioni, na kutazama kama pampu inafanya kazi, siku ambayo wewe umekwenda matangani? Kama nyumbani hakuna mtu wa pili anayejua kazi hii, ngoja kwanza umfundishe.

Ukiona majibu yako ni mazuri, keti na uandike hesabu ya mtambo. Watu wengi huanza na tangi, kisha huuliza, "Litachukua samaki wangapi?" Hiyo ni njia ya kinyume. Anza na mboga, kwa kuwa mboga ndizo zinazosafisha maji. Kitabu cha shirika la FAO cha mwaka 2014 juu ya mitambo midogo ya namna hii chasema kwamba kila mita 1 ya mraba ya mboga za majani huweza kutumia uchafu utokanao na gramu 40 mpaka 50 za chakula cha samaki kwa siku. Basi tuseme wataka masanduku mawili ya sukuma wiki, mchicha na dania, kila moja mita 1 ya mraba. Hayo yatakubali gramu 100 za chakula kwa siku. Samaki aliyekua kidogo hula kadiri ya sehemu 2 katika 100 za uzito wake kila siku. Kwa hiyo gramu 100 ni chakula cha samaki wa kilo 5, yaani samaki 25 wa gramu 200 kila mmoja. Hao wakae katika tangi la lita 1000. Utaona ni wachache, na jirani atakucheka kwamba tangi lako ni tupu. Mwache acheke. Maji mengi na samaki wachache ndiyo akiba yako siku ya taabu.

Sasa hesabu ya kokoto. Sanduku liwe na kina cha sentimita 30. Masanduku mawili yatachukua kokoto zenye uzito wa karibu tani 1, na yakijaa maji yataongezeka kadiri ya kilo 240. Kwa hiyo usiyaweke juu ya mbao nyembamba, wala katika roshani ya nyumba ya kupanga. Jenga miguu ya mawe au matofali ya saruji, ukihakikisha sanduku liko juu kuliko tangi ili maji yarudi yenyewe. Chagua kokoto ndogo, za milimita 8 mpaka 20, uzioshe mpaka maji yatoke safi. Kabla ya kununua, chukua chache uzimwagie siki. Zikitoa povu, zina chokaa, uziache. Chokaa hufanya maji yawe makali kwa namna ambayo mboga haziwezi kutwaa madini ya chuma, na majani machanga hugeuka manjano. Watu wa Mombasa, Kilifi na Kwale waangalie sana jambo hili, kwa sababu mawe mengi ya pwani ni ya matumbawe. Tangi nalo liwe lile lililochukua vyakula au maji. Lililochukua dawa au mafuta ya mitambo halifai hata likioshwa mara kumi.

Tuje kwa pampu. Pampu ya wati 30 ikiwashwa dakika 15 katika kila saa, kwa saa maalumu ya kuwashia na kuzimia, hufanya kazi saa 6 kwa siku. Mashine ndogo ya kupulizia hewa ya wati 10 haizimwi mchana wala usiku. Zote mbili zitatumia kadiri ya yuniti 13 za stima kwa mwezi. Zidisha yuniti hizo kwa bei unayolipa kwako. Unaponunua pampu, usidanganywe na hesabu iliyoandikwa kwenye sanduku lake, maana mara nyingi hiyo ni ya maji yasiyopandishwa juu. Uliza itasukuma lita ngapi kwa kimo cha masanduku yako. Kwa mtambo tuliotaja, yatosha lita 1000 kwa saa kwa kimo hicho.

Tena uwe na betri ya kuendesha mashine ya hewa stima inapokatika usiku. Samaki waliosongamana katika tangi huweza kufa kwa saa chache tu hewa ikikosekana. Mtu alala akiwa na samaki wa miezi sita, aamka akiwa na mizoga. Nasema tena: asiye na betri, wala pampu ya mwanga wa jua yenye betri yake, asianze.

Baada ya kujenga, jaza maji. Maji ya mfereji yenye klorini yaache wazi siku mbili kwanza. Endesha pampu, tazama mivujo, uizibe. Hapo mkulima mwenye haraka hukimbia kuleta vifaranga, na hapo ndipo hasara huanzia. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu kwao wenyewe. Wanaoiondoa ni bakteria wadogo wasioonekana kwa macho, wakaao juu ya kokoto. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo ndiyo mbolea ya mboga zako. Bakteria hawa hawanunuliwi pamoja na tangi. Huja wenyewe na kuzaliana polepole, kwa wiki 3 mpaka 6, na mahali pa baridi hukawia zaidi.

Basi tia chakula cha samaki kidogo tu ndani ya maji kioze, uendeshe mtambo bila samaki. Nunua dawa za vitone za kupimia maji, na uandike vipimo katika daftari. Utaona amonia ikipanda kisha ikishuka, nitriti ikipanda kisha ikishuka, na nitrati ikitokea. Amonia na nitriti zikirudi karibu na sifuri, waweza kwenda kutafuta vifaranga. Wiki hizo si za bure. Ni kama kungoja mvua ilainishe udongo kabla ya kupanda.

Vifaranga vitoke mahali panapojulikana, kama kituo cha serikali cha Sagana au kwa mzalishaji ambaye afisa wa samaki wa kaunti yako amjua. Ngege wawe madume watupu, kwa kuwa majike wakichanganyika nao watazaa ovyo na tangi litajaa samaki wasiokua. Ngege hupenda joto. Maji yakiwa chini ya digrii 20 hula kidogo na kukua polepole. Kwa hiyo mtu wa Limuru, Molo au Ol Kalou asitegemee mavuno kama ya mtu wa Kisumu au Malindi, isipokuwa amejenga nyumba ya nailoni ya kuhifadhi joto. Kambale ni mvumilivu zaidi, kwa sababu aweza kuvuta hewa ya juu ya maji. Lakini kambale wakubwa huwala wadogo, na wote hupenda kuruka nje. Wapange kwa ukubwa, na tangi lifunikwe.

Kifuniko hicho ni cha lazima kwa kila mtu. Huzuia jua lisioteshe mwani, huzuia ndege, na zaidi ya yote huwalinda watoto. Tangi la lita 1000 ni refu kuliko mtoto mdogo.

Jambo jingine: usinyunyize dawa ya wadudu juu ya mboga hizi. Inayoua vidukari huua na samaki. Vidukari viondoe kwa mkono au kwa maji ya nguvu, na majani yaliyoharibika sana uyatupe.

Mwisho tuseme habari za faida, maana hapo ndipo maneno matamu huzidi. Samaki 25 wakikua vizuri kwa miezi sita mpaka minane, utapata kadiri ya kilo 6. Watakuwa wamekula kadiri ya kilo 9 za chakula cha kununua. Weka bei ya chakula cha mji wako, ongeza stima na vifaranga, kisha linganisha na bei ya samaki sokoni. Utaona mwenyewe ya kuwa samaki peke yao hawatarudisha gharama za tangi upesi. Faida iko katika mboga zinazochumwa kila wiki, hata wakati wa kiangazi sukuma wiki inapopanda bei. Tena iko katika kitoweo cha watoto, kitolewacho samaki wawili watatu kwa wakati, si wote kwa siku moja, maana tangi likibaki tupu mboga nazo zitakosa chakula. Huu ni mtambo wa jikoni kwanza. Mtu akikuambia uchukue mkopo ujenge mitambo kumi upate utajiri, mwombe akuonyeshe daftari lake la mwaka mzima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, ndugu mkulima, mwezi huu usinunue kitu. Andika siku za stima kukatika. Pima kiwanja. Uliza bei za kokoto, pampu, betri na chakula cha samaki, uzijumlishe. Mwite afisa wa samaki au wa ukulima atazame hesabu yako. Ikikubali, jenga sanduku moja na tangi moja, uutunze mtambo huo mwaka mmoja kabla ya kuongeza. Ikikataa, utakuwa umepoteza karatasi moja tu, na fedha zako bado ziko mfukoni.