Taa ya Tabibu Isizimike

KATIKA vita dhidi ya adui maradhi, jicho la tabibu ni silaha ya mwanzo. Lakini jicho haliwezi kuona gizani, na ndani ya mwili wa binadamu ni giza tupu. Ndiyo maana leo tunapenda kuzungumzia kitu kidogo kinachosahauliwa kila vinapotajwa vifaa vya hospitali. Kitu hicho ni taa ya endoskopi, chombo chembamba kinachomwezesha tabibu kuangalia tumbo, utumbo au kibofu bila ya kumpasua mgonjwa.

Safari ya taa hii ilianza mbali. Mwaka 1806 tabibu wa Kijerumani, Philipp Bozzini, alitumia mshumaa na kioo. Mwaka 1853 Mfaransa Antonin Désormeaux alitumia taa ya spiriti na tapentaini. Mwishoni mwa miaka ya 1870, Maximilian Nitze aliingiza kibofuni waya wa platini uliowashwa kwa umeme, na ilibidi upozwe kwa maji usimwunguze mgonjwa. Mwaka 1957, huko Marekani, Basil Hirschowitz alionesha chombo kilichotumia nyuzi nyembamba za kioo. Baadaye, kwa njia ya nyuzi za namna hiyo, moto ukabaki nje na mwanga ukaingia ndani.

Sisi wa Kengeja hatuna budi kulijali jambo hili. Kichocho, ambacho Pemba imepambana nacho kwa miaka mingi, hudhuru kibofu. Mayai yake huacha ukutani mwa kibofu mabaka mfano wa mchanga, na tabibu huyatambua kwa mwanga huo huo. Taa ikiwa hafifu, rangi hubadilika, na tabibu anaweza kukosea. Taa ikifa, mgonjwa hulazimika kuvuka bahari kwenda Unguja au Dar es Salaam, na nauli anaitoa mfukoni mwake.

Inafaa ieleweke kwamba taa hizi hazilingani. Taa ya zenoni ya wati 300, iliyozoeleka katika mashine nyingi, hutoa mwanga mweupe mzuri, lakini uhai wake ni kiasi cha saa 500 tu na bei yake ni kubwa. Taa ya halojeni ni rahisi, ila mwanga wake huelekea umanjano. Taa za LED hudumu kwa makumi ya maelfu ya saa na hutumia umeme mdogo zaidi. Tulipata umeme wa kebo ya baharini kutoka Tanga mwaka 2010, na hiyo ni neema kubwa. Lakini umeme ukikatika tabibu akiwa kazini, hapana nafasi ya kutafuta kibatari. Taa inayoweza kuendeshwa kwa betri ndiyo inayotufaa.

Tunawashukuru marafiki zetu. Madaktari wa China wamekuwa wakija Zanzibar tangu miaka ya 1960, na Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, ilijengwa upya kwa msaada wa nchi hiyo na kufunguliwa mwaka 2016. Hata hivyo, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Rafiki akitupa mashine, hatuwezi kumngojea pia atuletee balbu.

Kwa hivyo tunatoa wito kwa wahusika. Kabla ya kununua au kupokea mashine yoyote, waulize: taa yake ni ya aina gani, hudumu saa ngapi, na ya akiba itapatikana wapi na kwa bei gani? Saa za matumizi ziandikwe daftarini, na fedha za taa ya akiba zitengwe katika bajeti ya kila mwaka. Vijana wanaosomea ufundi katika skuli yetu ya Kengeja nao wafundishwe kuvitunza vifaa hivi.

Mashine isiyo na taa ni pambo la ukumbi, na mgonjwa haponi kwa pambo.